Hawakuwa Mbele ya Wakati, Sisi Ndio Tulichelewa

Desemba iliyopita, kwenye baa moja hapa Machakos, si mbali na steji ya magari ya Nairobi, rafiki yangu alimpa dijei flashi. Ndani mlikuwa na wimbo mmoja tu. Alikuwa ameutengeneza kwa miezi mitatu, chumbani kwake, kwa laptopu ambayo betri yake ilikufa kitambo na sasa inaishi kwa waya kama mgonjwa wa dripu. Wimbo unaanza na sauti ya nyanya yake akiita kuku. Ameikata ile sauti vipande vipande mpaka imekuwa ngoma, halafu chini yake besi inaingia polepole kama lori linalopanda mlima. Dijei aliweka hedifoni sikio moja, akasikiliza kama nusu dakika hivi, kichwa kikifuata mdundo, halafu akaitoa.

"Buda, hii ni kali. Lakini iko mbele sana. Watu hawajafika huko."

Akamrudishia flashi yake, akaweka wimbo ambao tulikuwa tumeshausikia mara mbili usiku huo huo.

Kilichonikera si jibu la dijei. Dijei ana baa ya kujaza. Kilichonikera ni kwamba rafiki yangu alifurahi. Tukitembea kurudi nyumbani alirudia mara tatu, "Amesema niko mbele," kama mtu aliyepewa cheti. Mimi nikanyamaza. Hiyo lugha naijua. Nimeisikia miaka na miaka ikisemwa kuhusu bendi ninayoipenda kuliko zote, na kila ikisemwa huwa ni kwa ile sauti ya matangani: alikuwa mtu mzuri, pengo lake halizibiki, karibuni chai.

Bendi yenyewe ni Just A Band. Kwa wale waliozaliwa juzi: vijana wanne waliokutana Chuo Kikuu cha Kenyatta, wakaanza bendi mwaka 2003. Bill Sellanga, ambaye wengi tunamjua kama Blinky Bill, Mbithi Masya, Dan Muli na Jim Chuchu. Wakatoa albamu tatu: Scratch to Reveal mwaka 2008, 82 mwaka 2009 na Sorry for the Delay mwaka 2012. Muziki wa kompyuta na sinthesaiza, disko, fanki, hip hop, haus, yote kwenye sufuria moja. Waliandika wenyewe, wakarekodi wenyewe, wakachora na kupiga video wenyewe. Sisemi wao ndio Wakenya wa kwanza kugusa kompyuta. Ogopa Deejays na Calif Records walikuwa wameshatulisha midundo ya kompyuta tangu mwanzo wa miaka ya 2000, na nchi nzima ikacheza. Tofauti ni kwamba wengine walificha mashine nyuma ya msanii. Hawa wanne waliitoa mashine sebuleni, wakaiketisha kwenye kiti cha wageni.

Sasa mtaje Just A Band mbele ya mtu yeyote anayejifanya anajua muziki. Atashusha pumzi, atatazama mbali, halafu atasema, "Aah, hao walikuwa mbele ya wakati wao."

Mimi nasema huo ni uongo. Na ni uongo unaofaidi watu fulani. Ngoja nieleze nilivyoufikia, kwa sababu hata mimi niliusema.

Nilikutana nao vibaya, kama wengi wa rika langu. Ilikuwa 2010, nina miaka kumi na moja. Binamu yangu alinipeleka saiba moja hapa mjini, ile ya shilingi moja kwa dakika, tuone video ambayo shule nzima ilikuwa inaizungumzia. Ilikuwa Makmende. Video ya wimbo wa "Ha-He", jamaa mwenye afro akiwachapa wahuni kwa mtindo wa filamu za miaka ya 1970. Tulilipia dakika kumi. Kama sita kati ya hizo tulitazama kale kaduara kakizunguka. Kila ilipokwama, sisi tulikuwa tunamalizia ngumi wenyewe, pale pale kwenye kiti, mpaka mwenye saiba akatukemea.

Jina Makmende halikuwa jipya. Vijana wa miaka ya tisini walikuwa wakimwita hivyo mtu anayejifanya shujaa, na wengi husema limetoka kwa maneno ya Clint Eastwood kwenye filamu, yaliyosikika vibaya na masikio ya mtaa. Lakini mwaka huo lilirudi na moto. Darasani kwetu kila mtu alikuja na utani wake. Mmoja ninaoukumbuka: Makmende haombi Okoa Jahazi, Safaricom ndio humwomba yeye. Wikipedia ilifuta ukurasa wake zaidi ya mara moja kabla ya kukubali kwamba hiki ni kitu. Watu walioandika kuhusu mambo ya intaneti huko nje wakaanza kuitaja Kenya kwa jambo lisilo njaa wala uchaguzi.

Na katika hayo yote, hakuna aliyeniambia kwamba ulikuwa wimbo. Naapa. Kwa miaka kama minne mimi nilidhani "Ha-He" ni makelele ya nyuma ya filamu. Nilijua ngumi zote na sikujua bendi. Hapo ndipo wizi ulipoanzia: nchi ilichukua kichekesho, ikaacha albamu mezani.

Albamu ya kwanza kuisikiliza kamili ilikuwa ya mwisho kutoka. Likizo ya kidato cha pili, kadi ya kumbukumbu ya simu ya mama, folda iliyoandikwa tu "JAB". Sorry for the Delay. Nilikuwa nalala na simu kifuani mpaka inapata joto. "Dunia Ina Mambo" niliirudia hadi mama akauliza kama simu imeharibika. "Probably for Lovers" niliisikiliza kabla sijawa na mpenzi, na nadhani ndiyo maana nilichelewa kumpata, nilikuwa nangoja mtu wa kufanana na ule wimbo. Si albamu kamilifu. Ni ndefu, inatangatanga, kuna nyimbo mbili tatu ambazo mpaka leo naziruka. Lakini ilikuwa mara ya kwanza nasikia muziki uliotengenezwa na watu wanaojua nyumba kama yetu inavyonukia mafuta ya taa, na bado muziki huo unang'aa.

Mjomba wangu alinikuta nayo. Mjomba ni mtu wa benga, amepiga gitaa kwenye harusi za hapa Machakos tangu kabla sijazaliwa. Akachukua simu, akaiweka sikioni, akanirudishia kama amepewa nyanya iliyooza.

"Aasi! Wewe ni Mkamba. Hii ni nini?"

"Ni muziki, mjomba."

"Huu ni wa kompyuta. Hauna wenyewe."

Niliona aibu. Kijana wa miaka kumi na tano hajui kujibu mjomba, na hata angejua, hajibu. Leo ningemjibu, kwa heshima zote. Ningemwambia: mjomba, gitaa lako lina waya unaoingia kwenye spika, na spika inaingia kwenye ukuta. Kakai Kilonzo na Kilimambogo Brothers, wale unaolia ukiwasikiliza, walichukua gitaa la umeme, kitu kilichobuniwa Marekani, wakalifundisha Kikamba mpaka leo hakuna anayekumbuka kwamba liliwahi kuwa geni. Na wewe mwenyewe, mjomba, harusi za bajeti ndogo unaenda na kibodi yenye ngoma ndani yake, kwa sababu mpiga ngoma anataka nauli na chakula. Unabonyeza kitufe, ngoma inalia peke yake, na akina mama wanacheza mpaka viatu vinavuka. Huo ni muziki wa nani?

Kila chombo huja nyumbani kama mgeni. Kinachokifanya chetu ni muda wa kukaa nacho, na mikono ya kukishika. Wajerumani wanne wa Düsseldorf walitengeneza wimbo wa dakika zaidi ya ishirini kuhusu barabara kuu mwaka 1974, na leo Kraftwerk ni urithi wa Ujerumani kama mkate. Hakuna anayewaambia kwamba mashine si utamaduni wao. Sisi tu ndio tunaulizwa kitambulisho kila tukishika kitu chenye plagi.

Basi nikaenda chuo. Chuo chenyewe sikitaji, hakinidai jina, kinanidai karo. Mwaka wa kwanza, hosteli, mwenzangu wa chumba alikuwa na diski ya nje yenye kila kitu kilichowahi kuibwa kwenye intaneti, na humo nikapata Scratch to Reveal. Miaka kumi baada ya kutoka. Naikumbuka siku kwa sababu maji yalikuwa yamekatika na tulikuwa wanne chumbani tukingoja.

Kwanza jina. Watoto wa leo mnanunua kredo kwa M-Pesa, hamjui raha ya kukwaruza. 2008 ulienda dukani, ukanunua kadi, ukatafuta sarafu, ukakwaruza ile rangi ya kijivu ili namba zionekane. Ukikwaruza kwa pupa unaharibu namba moja, na hapo umeliwa. Maneno ya kichwa cha albamu yalikuwa kwenye kila mfuko wa suruali nchini. Mtu gani aliye mbele ya wakati wake anaipa albamu yake jina la kitu ambacho mama mboga anacho kwenye aproni?

Halafu "Iwinyo Piny". Jina la Kidholuo juu ya mdundo wa kuchezea. Nikumbushe mwaka tena: 2008. Mwaka ulioanza watu wakisimamishwa barabarani na kuulizwa majina yao ya ukoo. Mkataba wa amani ulitiwa sahihi Februari 28. Mimi nilikuwa mtoto, nakumbuka tu wakubwa wakiongea kwa sauti ya chini na redio ikiwa juu. Na mwaka huo huo vijana wanne wa majina mchanganyiko wanatoa albamu ambayo ndani yake Kidholuo, Kiswahili na Kiingereza vinakunywa kwenye kikombe kimoja, bila hotuba, bila wimbo wa "tupendane" uliodhaminiwa na shirika. Ukisema hiyo ilikuwa mbele ya wakati, unasema 2008 ilikuwa tayari kwa mapanga lakini haikuwa tayari kwa disko. Mimi siamini hivyo. Naona ilikuwa albamu ya 2008 kuliko kitu kingine chochote kilichotoka mwaka huo.

Imekwaruzwa yenyewe pia, nikiri. Sauti mahali pengine ni nyembamba, unasikia chumba. Naipenda kwa hilo. Hosteli ile ukuta ulikuwa unasikika vilevile.

Mwaka wa tatu niliacha. Sitaki kuifanya hadithi kubwa. Karo ilikuwa na shimo, nikaliziba mara mbili, mara ya tatu nikaona nachimba la pili ili kufukia la kwanza. Nikapanda gari pale Machakos Country Bus na begi moja na godoro lililokunjwa, kondakta akanitoza godoro kama abiria. Nyumbani hakuna aliyenigombeza, jambo ambalo ni baya zaidi. Na mwaka uliofuata dunia nzima ikafungwa, kwa hiyo angalau tulikuwa wengi tuliokaa nyumbani.

Huo ndio mwaka nilioisikiliza 82 kuanzia mwanzo hadi mwisho, kwa mpangilio wake. "Ha-He" nilikuwa naijua, au nilidhani. Kuikuta mahali pake, kati ya ndugu zake, bila afro na bila ngumi, ilikuwa kama kumkuta mtu uliyezoea kumwona kwenye harusi tu, sasa yuko kwake amevaa kaptula. Ni wimbo makini sana, ule. Kisha "If I Could". Kisha "Usinibore", ambayo mimi niliiweka kama kengele ya kuamkia, kwa sababu mtu aliyeacha chuo anahitaji kuambiwa hivyo kila asubuhi.

Mama alisimama mlangoni siku moja akaona picha ya albamu kwenye skrini. "Kwa nini wameandika 82?" Nikamwambia sijui, pengine ni mwaka. Akakaa kitandani. Mama hana kawaida ya kukaa kitandani kwangu. Akanieleza Agosti 1, 1982, alikuwa msichana mdogo, jinsi sauti ya Mambo Mbotela ilivyotoka kwenye redio ikisoma tangazo la waasi, sauti ile ile ya kila siku lakini si yeye, na jinsi babu alivyozima redio na kusema hakuna kutoka nje. Sisemi bendi ilikusudia hilo. Nasema namba hiyo, kwa mtu wa umri wake, haiwezi kuandikwa bila mlango kufunguka. Tukasikiliza nyimbo tatu pamoja. Ya tatu akasema ina kelele, akaenda kuangalia maharagwe. Lakini alikaa kwa tatu.

Usiku ule nikaandika mtandaoni, kwa hisia nyingi: Just A Band walikuwa mbele ya wakati wao. Nikapata mioyo mingi. Kesho yake nikaisoma tena na ikaanza kuniwasha, kwa sababu mama yangu, aliyefunza shule ya msingi maisha yake yote, hakuhitaji kungojea wakati wowote. Aliuliza swali sahihi baada ya sekunde tano.

Nikaanza kupiga hesabu. Albamu ya 82 ilitoka 2009. Mwaka huo huo, Julai, kebo ya SEACOM iliwashwa Mombasa, intaneti ya kasi ikaingia nchini kwa mara ya kwanza kupitia baharini badala ya setilaiti. Machi 2010 video ya "Ha-He" ikawekwa YouTube. Miezi minane! Bendi ilikuwa steji kabla kondakta hajamaliza kuita abiria. Hao watu walifika kwa saa, kwa dakika, na wakaleta na video. Nionyesheni mwanamuziki mwingine wa Afrika Mashariki aliyeshika wakati wake kwa mkono namna hiyo.

Kwa hiyo tukisema walikuwa mbele ya wakati, tunasema nini hasa? Nadhani tunasema: msitulaumu. Redio nilizokua nazisikiliza hapa Machakos, kwenye mathree, kwa kinyozi, dukani, sikuwahi kusikia hata wimbo wao mmoja, na si kwa sababu nyimbo zilikuwa zimetoka mwaka 2050. Kuna mtu alikaa kwenye kiti akachagua. Mwandaaji wa tamasha alichagua. Na sisi mashabiki, maze, sisi ndio wabaya kabisa. Tazama safari yangu niliyowasimulia kwa mapenzi yote hayo: kadi ya simu, diski ya mwenzangu, wimbo wa kupakuliwa bure. Albamu tatu, karibu miaka kumi ya kupenda, na mpaka 2020 nilikuwa sijawalipa hata bei ya chapati. Ile sentensi ilinisafisha mimi kwanza. Kama kosa ni la wakati, basi hakuna mwenye deni.

Wale wanaosema watu hawakuwaelewa nawauliza: watu gani? Darasa zima la watoto wa miaka kumi na moja Machakos lilielewa video yao ndani ya wiki moja, kwa intaneti ya kukwama. Walichokosa si akili. Walikosa mtu wa kuwaambia huu wimbo una dada zake, hapa ndipo wanapouzwa.

Na tazama wakati huo wetu unafika vipi. Singeli ilikuwa inachezwa uswahilini Dar es Salaam miaka mingi, watu wakiiita fujo. Nyege Nyege Tapes ya Kampala ikatoa Sounds of Sisso mwaka 2017, wazungu wakaicheza kwenye klabu zao, ghafla ikawa sanaa. KMRU wa Nairobi alitoa Peel mwaka 2020 kupitia Editions Mego ya Austria, na nina hakika wengi wanaosoma hapa walimjua kutoka huko kwenda huku, ingawa ni mjukuu wa Joseph Kamaru aliyeimbia babu zenu. Inaonekana saa ya wakati wetu imetundikwa ukuta wa mtu mwingine. Wao wakisema ndiyo, sisi tunasema tulijua.

Wakati mwingine saa hiyo ina muhuri wa serikali. Jim Chuchu alipotoka kwenye bendi akaanza The Nest na wenzake, wakatengeneza filamu ya Stories of Our Lives. Toronto iliionyesha 2014. Mwaka huo huo bodi ya filamu ikaipiga marufuku hapa nyumbani. Hapo hakuna cha kuzaliwa mapema. Kuna watu ofisini wametazama, wameelewa vizuri kabisa, na wamesema hapana. Heri hao, angalau wametia sahihi. Sisi wengine tunasema hapana kwa kusifu. Mbithi Masya aliongoza Kati Kati, ikapata tuzo ya wahakiki Toronto 2016. Blinky Bill akatoa albamu yake 2018. Watu hao hawakupotea kwenye wakati ujao. Wako hapa, wanafanya kazi, mnapishana nao kwenye foleni.

Sisi wa Machakos tungepaswa kuwa wa kwanza kuukataa huo uongo. Mji huu ulikuwa makao ya Waingereza bara kabla Nairobi haijawa hata kambi. Halafu reli ikapita kando, 1899 ofisi zikahamia Nairobi, na tangu hapo tunaambiwa Machakos ilitangulia. Kutangulia gani? Ilipitwa, na kuna aliyechora ile reli kwa kalamu. Na nje kidogo tuna Konza, jiji la teknolojia la wakati ujao, jiwe la msingi liliwekwa Januari 2013. Yaani wakati ujao ukiwa uwanja wenye ua, bajeti ipo, mikutano ipo, kofia za plastiki zipo. Wakati ujao ukiwa kijana mwenye laptopu na sauti ya nyanya yake, anaambiwa watu hawajafika huko.

Najua mtu atasema nalia kwa sababu niliacha chuo na sasa natafuta wa kulaumu. Pengine. Lakini nimeambiwa "bado" na watu wengi kuliko alivyoambiwa dijei yule, na nimejifunza kutofautisha "bado" ya mtu anayengoja na "bado" ya mtu aliyeshika mlango. Rafiki yangu bado hajaijua tofauti. Alidhani amesifiwa. Tangu Desemba hajafungua ile programu ya kutengenezea nyimbo. Mwezi jana aliiweka laptopu mtandaoni, elfu kumi na nane, maelezo: iko sawa, betri kidogo.

Jumamosi mnunuzi alikuja, jamaa wa makamo mwenye duka la kuchapisha kadi za matanga na harusi. Nilikuwapo. Akaibinyabinya, akaikagua bawaba, akauliza kama spika zinalia. Rafiki yangu, kwa kukosa kitu kingine karibu, akafungua wimbo wake. Nyanya akaita kuku. Jamaa akacheka, halafu akaacha kucheka. Besi ilipoingia aliinama kidogo kuelekea kwenye skrini, kama vile kuna kitu kimeandikwa pale. Akausikiliza wote, dakika nne na ushee.

"Hii ni ya nani?"

"Ni yangu."

"Hapa? Machakos?"

Akatoa simu, akaomba atumiwe kwa bluetuthi. Rafiki yangu akanitazama. Nikamwambia, mwambie ni mia moja. Jamaa hakubishana, akatuma kwa M-Pesa papo hapo. Kuhusu laptopu, akasema kwa betri hiyo hawezi kutoa zaidi ya elfu kumi na mbili, wakashindwana, akaenda zake.

Laptopu iko. Jana nilipita kwake nikakuta mlango umefungwa, waya umepita chini ya mlango kwenda kwa jirani mwenye stima, na ndani kuna mtu anarudia sekunde zile zile nne, tena na tena, akijaribu kuzipata.